Mbung'o wa Mwisho wa Unguja

Mbung'o jike wa mwisho kuonekana Unguja alinaswa katika wiki ya 36 ya mwaka 1996, siku za mwanzo za Septemba. Dume wa mwisho wa msituni alikuwa keshatangulia, wiki ya 28, mwezi wa Julai. Baada ya hapo wakaguzi wa mitego waliendelea kuingia msituni na kurudi na sifuri, wiki baada ya wiki, mpaka Disemba 1997 kazi ilipofungwa. Kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,650 hivi kikatangazwa hakina mbung'o.

Mjini taarifa ile haikumshughulisha mtu. Sisi wa Mji Mkongwe tuna mbu na kunguru. Mbung'o tulikuwa tukimsikia tu kwa jamaa zetu wa shamba. Mimi wakati huo nilikuwa nikisomesha fizikia na hisabati katika skuli moja ya sekondari hapa mjini, na niliipokea habari ile kama habari nyengine yoyote ya redioni. Aliyenifanya niikalie kitako ni mjomba wangu, mfugaji wa Muyuni, Mungu amrehemu. Alikuja nyumbani Mkunazini na dumu lake la maziwa, akakaa barazani, akavua kofia.

"Mwanangu, wewe mtu wa hesabu. Hao wenzako wanasema mbung'o wamekwisha. Wamejuaje?"

"Mitego haikunasa kitu, mjomba."

"Na mimi juzi nimetega dema mchana kutwa sikupata hata changu mmoja. Bahari imekwisha samaki?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile. Lakini swali lake ndilo hasa waliloulizana wataalamu wenyewe, na namna walivyolijibu ni sehemu ya historia ya kisiwa hiki ambayo haisimuliwi. Watalii wanaopelekwa Jozani huoneshwa kima punju na mikoko ya Pete. Hakuna anayewaambia kwamba katika msitu ule ule atomu na hesabu za uwezekano ziliungana kumaliza aina nzima ya inzi kisiwani.

Mbung'o wa Unguja alikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni, ambaye Robert Newstead alimwandika kitaalamu mwaka 1912. Ni mdogo kuliko ndugu zake wa mbuga za bara, hapendi jua, hukaa vichaka vizito na msitu wa kivuli. Hakutuletea malale ya binaadamu. Balaa lake lilikuwa kwa ng'ombe, kwa sababu alibeba vijidudu vya Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax, vinavyoleta nagana. Mfugaji alianza kuona manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi, mbavu zinahesabika ingawa majani yapo tele. Damu inapungua, maziwa yanakatika, mimba zinatoka, na fahali wa gari analala njiani na mzigo wake. Mjomba alikuwa na ng'ombe wa kienyeji tu. Ng'ombe wa kisasa, alisema, ni wa kuwafuga watu wa mjini wenye pesa za dawa.

Mwaka 1988 ilianza kazi ya kuwapunguza. Ng'ombe walimwagiwa mgongoni dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo mbung'o akija kunyonya humuua, na katika sehemu za msitu zikatundikwa pazia za kitambaa zilizochovywa dawa. Mbung'o walipungua sana, ila hawakwisha. Sababu yake anaijua kila aliyelala shamba: ndani ya vichaka vya Unguja wamo nguruwe mwitu na paa, na hao hakuna awezaye kuwapanga mstari akawamwagia dawa. Madhali mbung'o ana pa kunywa damu bila kugusa ng'ombe, utampunguza mpaka uchoke.

Njia iliyobaki ilikuwa kumwachia mbung'o amalize mbung'o. Fikra hiyo husimuliwa kama ya Kimarekani, na ni kweli kwamba Edward Knipling wa Marekani ndiye aliyeitengeneza ikafanya kazi. Mwaka 1954 inzi mla-nyama wa kwenye vidonda alimalizwa katika kisiwa cha Curaçao kwa kumwagiwa madume tasa. Hata hivyo Afrika ya Mashariki ina haki yake humu, na naona inasahauliwa mno. Miaka ya 1940, huko Shinyanga, Tanganyika, mtafiti Vanderplank aligundua kwamba mbung'o wa aina mbili tofauti wakipandana, uzazi wao huharibika. Akachukua pupa za aina moja, zaidi ya laki moja, akaziweka katika makazi ya aina nyengine, na wenyeji wakaporomoka. Hakutumia mionzi hata chembe. Alitumia ndoa zisizo na mtoto, ambazo ndizo msingi wa kazi yote iliyokuja baadaye. Miaka ya 1970 jaribio la kutumia mbung'o waliofanywa tasa lilifanyika pia Mkwaja, mkoa wa Tanga. Kwa hiyo mradi ulipokuja Unguja, chini ya serikali zetu na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lenye makao Vienna, haukuja kwenye ardhi isiyojua jambo hili.

Mbung'o anafaa kwa hila hiyo kuliko wadudu wengi, kwa sababu uzazi wake ni wa taratibu mno. Hatagi mayai mia kama inzi wa jikoni. Yai moja huanguliwa tumboni, buu hulelewa humo humo, na mama humzaa mmoja mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja katika maisha yake, akaweka akiba ya mbegu ya kumtosha. Akikutana na dume tasa kwanza, habari yake imekwisha.

Madume hayo yalizalishwa katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana iliyopo Tanga. Walilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni, bila ya kuwapo ng'ombe mwenyewe. Kisha walipitishwa kwenye mionzi ya gama. Hapa ndipo somo langu la fizikia linapoingia, na msomaji anivumilie kidogo, maana bila ya hili hataelewa kwa nini sifuri za mwaka 1997 zilikuwa na thamani.

Elektroni ndani ya atomu hazikai popote zitakapo. Kila atomu ina ngazi zake za nishati, na elektroni ama ipo ngazi hii ama ile. Baina yake hakuna pa kusimama. Mwaka 1913 Niels Bohr, Mdenmark, alizipanga ngazi za haidrojeni, atomu yenye elektroni moja tu. Ngazi ya chini kabisa iko elektroni-volti 13.6 chini ya pale elektroni inapokuwa huru. Ya pili iko 3.4 chini, ya tatu 1.5. Kwa hiyo mwanga unaotaka kuipandisha elektroni kutoka ya kwanza kwenda ya pili lazima uje na elektroni-volti 10.2. Ukija na 9 unapita kama haukuja. Na elektroni ikishuka hutoa tofauti ile ile kwa umbo la mwanga, ndiyo maana kila elementi ina rangi zake inapowashwa, na hazibadiliki Tanga wala Vienna.

Molekuli kubwa za rangi zina ngazi nyingi zilizosongamana, na baadhi yake zina tabia ya kushuka kwa vituo. Unazipiga mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni, wenye elektroni-volti 3.4 hivi; elektroni inapanda; sehemu ya nishati inapotea kama joto; iliyobaki, labda 2.2, inatoka kama rangi ya chungwa au kijani inayowaka gizani. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaonesha kwa taa ndogo ya zambarau, ya aina wanayotumia wabadilishaji fedha kukagulia noti. Tulifunga madirisha ya darasa. Noti ikatoa nyuzi zake za rangi. Halafu mvulana mmoja akapita mbele na kanzu yake iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, ikawaka buluu nyeupe kifuani mpaka miguuni, na darasa zima likapiga kelele, kwa sababu watengenezaji wa sabuni hutia humo molekuli za namna hiyo hiyo ili nguo ionekane nyeupe zaidi juani. Kuanzia hapo hakuna aliyenisumbua tena juu ya faida ya kujua ngazi za nishati.

Unga wa rangi kama huo ndio alama ya dume tasa. Kawaida ya kazi hii ni kwamba inzi anapotoka kwenye ganda la pupa hupitishwa kwenye mchanga uliochanganywa na unga, na chembe chache hubaki zimenasa kwenye kikunjo cha usoni, mahali ambapo hata akijisafisha miguu haifiki. Kwa macho hana tofauti na wa msituni. Chini ya taa ya urujuanimno anajitaja mwenyewe.

Gama ni kitu chengine kabisa, ingawa nayo ni mwanga. Fotoni ya kijani ina elektroni-volti 2.4 hivi. Fotoni za kobalti 60, chanzo kimojawapo kinachotumika sana kwa kazi hizi, zina milioni 1.17 na milioni 1.33, karibu mara laki tano zaidi. Nishati hiyo haipandishi elektroni ngazi. Inaitoa nje ya atomu, na hiyo iliyotolewa inakwenda kuzipiga nyengine, maelfu kwa maelfu, ndani ya seli. Vifungo vya molekuli vinakatika. Katika mbegu ya uzazi, nyuzi za urithi zinavunjika vipande. Ukipima dozi vizuri, dume anabaki mzima: anaruka, anatafuta jike, anapanda, na mbegu yake inafika. Yai linaanza kukua, kisha linakufa. Hermann Muller alikwishaonesha mwaka 1927 kwamba eksirei huharibu urithi wa inzi wa matunda, na Knipling alijengea hapo.

Watu wa shamba walikuwa na wasiwasi, na sioni walikosea kuwa nao. Wanaletewa mbung'o kwa ndege, mahali ambapo shida yao ni mbung'o! Na wa mionzi juu yake! Mjomba aliniuliza kama maziwa yatawaka usiku. Nilimwambia gama ikishapita imepita. Inzi aliyemulikwa haachi mionzi nyuma yake, sawa na mtu aliyepigwa picha ya kifua hospitali. Swali zito zaidi lilikuwa jengine: dume naye hunyonya damu, basi si ataeneza nagana? Kawaida ya kazi hii ni kumlisha, kabla hajaachiwa, damu iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu hivyo.

Kuanzia Agosti 1994 ndege ndogo ilikuwa ikipita juu ya kisiwa mara mbili kwa wiki, kwa mistari iliyoachana kilomita 1 mpaka 2, ikiangusha maboksi ya karatasi yenye madume ndani. Hadi Disemba 1997 yaliangushwa zaidi ya milioni 8.5. Gawa kwa wiki zilizopita, unapata karibu 48,000 kwa wiki. Chini, mitego ilikuwa kazini: vibao vilivyopakwa gundi, kwa sababu Glossina austeni haingii vizuri katika mitego iliyobuniwa kwa mbung'o wa mbugani, na watafiti wa mradi, Marc Vreysen na Khalfan Saleh na wenzao, walilazimika kwanza kuchunguza ni kibao gani kinamvuta.

Nimerudia mara nyingi kuwaambia wanafunzi kwamba ile kazi ya vibao ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko ndege. Mtego mbovu nao huleta sifuri, na sifuri yake ni ya bure.

Inayoitenga sifuri ya bure na sifuri yenye thamani ni hesabu ya kupima dhana. Hesabu hiyo, kama tunavyoisomesha leo, ilipata sura yake Uingereza, na mfano wake mashuhuri unahusu maziwa, jambo ambalo mjomba alilifurahia sana. Ronald Fisher alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Mwanasayansi mmoja wa pale, Muriel Bristol, alisema anaweza kujua kwa kuonja kama chai imetangulia kikombeni au maziwa. Fisher, ambaye aliuandika mfano huo katika kitabu chake cha mwaka 1935, alipanga vikombe 8, vinne hivi na vinne vile, vikachanganywa. Halafu akaanza na dhana ya ubishi: tuseme bibi huyu hajui lolote, anabahatisha. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, na moja tu ndiyo sahihi. Akipata vyote, ama anajua, ama amebahatika mara 1 katika 70, na hiyo ni bahati ndogo mno kuiamini. Hujathibitisha kama unavyothibitisha pembetatu. Umeifanya dhana ya kubahatisha iwe ngumu kuishikilia.

Sasa rudi Jozani. Mwanzoni mwa 1995, kati ya majike vijana wa msituni waliopasuliwa na kutazamwa, chini ya asilimia 25 walikuwa na yai lililokufa tumboni au tumbo tupu baada ya kulitoa. Baada ya mwaka huo ikawa zaidi ya asilimia 70. Je, si bahati tu ya waliopatikana? Nilikuwa nikiwapa wanafunzi hesabu hii, kwa idadi niliyoibuni mwenyewe. Tuseme umepasua majike 20, na tuseme hali haijabadilika, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 25. Unatarajia 5 wenye yai lililokufa. Kuna uwezekano gani wa kupata 14 au zaidi? Ubao ulijaa. Jibu ni karibu mara 3 katika laki moja. Huko si kubahatika tena. Madume wa Tanga walikuwa wameshawafikia majike wa Jozani.

Kufikia katikati ya 1995 vibao vilionesha kwamba kwa kila dume mmoja wa msituni kuna zaidi ya 50 wa Tanga, na mwisho wa mwaka zaidi ya 100. Majike waliobaki wakawa wazee watupu, maana vijana hawakuwa wakizaliwa. Robo ya mwisho ya mwaka huo idadi ikashuka kwa kasi, na mwanzoni mwa 1996 ikaporomoka. Kisha Julai, kisha Septemba, kisha sifuri.

Lakini sifuri haina mdomo. Inategemea ulitarajia nini. Namba e ya hisabati, 2.718, ndiyo inayotoa jibu hapa. Ikiwa mbung'o waliobaki, kama wapo, wangetosha kukupa mmoja mtegoni kwa wastani katika muda wako wote wa kutega, basi uwezekano wa kuambulia patupu ni karibu asilimia 37, na dema la mjomba liko hapo: kukosa hakusemi kitu. Ikiwa wangetosha kukupa watatu, uwezekano wa patupu ni asilimia 5. Ikiwa kumi, ni chini ya mara 5 katika laki moja. Kwa hiyo ubishi wote ni juu ya swali moja: mitego hii, kwa idadi hii, kwa siku hizi, ingenasa wangapi kama wangekuwapo?

Na hili lilijibika Unguja kwa sababu ya madume wenye alama. Vibao vile vile vilivyorudi bila ya mbung'o wa msituni vilikuwa vikirudi na madume wa Tanga. Basi kibao kinafanya kazi, gundi haijakauka, mahali ni pazuri, mkaguzi hakulala nyumbani akajaza fomu. Tuseme vibao vimeleta madume 1,000 wenye alama na hakuna hata mmoja asiyenayo. Kwa hesabu ya hapo juu, ukikubali asilimia 5 ya kukosea, madume wa msituni hawawezi kuzidi 3 kwa kila 1,000 wa kiwandani. Dema la mjomba halikuwa na kitu cha namna hiyo. Angetia baharini samaki wenye alama, akawapata hao tu kila siku bila ya wengine, na yeye angeanza kusema kweli juu ya bahari. Nilipomweleza hivi alinyamaza, kisha akasema: "Hapo sawa. Lakini samaki wangu wa alama wawe wanakwenda wanakokwenda wenyeji."

Alilenga penyewe. Hesabu nzima inasimama juu ya dhana kwamba dume wa kiwandani hutembea kama wa msituni, na kwamba mitego iko hata katika kichaka kile kibaya ambacho hakuna anayependa kukiingia. Mbung'o hawajatandazwa sawasawa, hujikusanya. Kundi dogo kwenye kona lingeweza kukwepa.

Ndiyo maana nasema waliosimamia kazi ile walitumia akili kuliko pesa. Dhana yao ya kuanzia ilikuwa "wapo", si "hawapo". Wengi huigeuza. Ukianza na "hawapo", basi kutonasa kitu kunakupa unachotaka, na uzembe wako unakuwa ushahidi. Ukianza na "wapo", ni wewe wa kutoa jasho mpaka dhana hiyo ishindwe. Kuna makosa mawili ya kuyapima: kusema wamekwisha nao wapo, na kusema wapo nao wamekwisha. La pili linakugharimu mafuta ya ndege kwa miezi. La kwanza linakurudisha 1988. Wakachagua kulipia la pili. Waliendelea kuangusha madume muda wa vizazi 6 vya mbung'o tangu kunaswa yule jike wa Septemba 1996. Kama pangekuwa na kundi lililojificha, lingekuwa limepata nafasi sita za kuongezeka na kuonekana.

Baadaye, mwaka 2005, Barclay na Hargrove walichapisha hesabu kamili za uwezekano wa kuamua lini eneo litangazwe limeokoka na mdudu, wakimtazama hasa mbung'o. Anayependa hisabati na azitafute. Kiini chake ni kile kile cha barazani Mkunazini.

Juu ya faida, naomba tuwe na uangalifu ule ule. Kwa takwimu zinazotajwa, wafugaji wadogo wenye ng'ombe wa kisasa walikuwa asilimia 2 mwaka 1985, wakafika asilimia 24 baada ya mradi. Hiyo ni furaha, na nimeiona kwa macho Muyuni. Ila miaka hiyo hiyo biashara ilifunguliwa, mahoteli yakaota pwani nzima, na maziwa yakapata soko. Mbung'o akiondoka mlango unafunguka. Aliyeingia ameingia kwa sababu nyingi. Anayesema asilimia zote 22 ni kazi ya atomu hajafanya hesabu, amefanya tangazo.

Vreysen, Saleh, Feldmann, Msangi, Mkonyi na wenzao walichapisha ripoti yao ya kitaalamu mwaka 2000, kwa Kiingereza, katika jarida ambalo halifiki Muyuni. Sijaona kitabu cha skuli kinachowaambia watoto wa Unguja kwamba mfano bora wa kupima dhana ulifanyika kilomita chache kutoka darasani kwao, na walimu bado tunasomesha somo hilo kwa sarafu na dadu. Waliotembea na mitego walikuwa vijana wakati ule. Sasa wengi ni wazee. Kama wewe ni mmoja wao, au mzazi wako alikuwa mmoja wao, na kuna daftari, ramani ya mitego au fomu ya wiki iliyobaki sandukuni, usiitupe hata kama imeandikwa sifuri tupu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ipeleke Nyaraka, pale Kilimani, na mwanafunzi ipo siku ataihitaji.